Hiyo ya Mwisho Hakusema Yeye

Daktari alisema, mama akatafsiri. Kosa la mama ni hilo tu, na mtu akikwambia kuna lingine mwambie aje aniambie mimi usoni.

Mama yangu ni mkalimani wa lugha ya alama. Kiziwi akienda mahakamani, benki au kliniki, mama anasimama pembeni yake. Wanaosikia wakiongea, mikono ya mama inaongea. Kiziwi akiongea kwa mikono, mdomo wa mama unaongea. Ana beji ya Chama cha Wakalimani, ya plastiki, yenye picha ambayo alipigwa akiwa amenuna. Bila beji hiyo hata mlinzi wa getini hampitishi. Kwa hiyo mtu akitaka kumwumiza mama yangu hana haja ya kutafuta fimbo. Amnyang'anye beji, basi, kazi imekwisha.

Siku hiyo alikuwa na dada mmoja msusi. Msusi ni kiziwi tangu utotoni, ana chumba chake cha kusukia nywele nyuma ya stendi, na jina lake la alama ni vidole vitatu vinavyosokotana hewani, ndiyo maana hata sisi nyumbani tunamwita Msusi tu. Alikuwa mjamzito na tumbo linamkata. Daktari akambonyezabonyeza, akanawa mikono, halafu akamgeukia nesi. Nesi, siyo Msusi. Akasema huku anacheka:

"Hawa nao wanazaa tu. Mtoto akilia usiku nani atamsikia? Siku ya kumpasua tumfunge na kizazi hukohuko, tumsaidie."

Mama akatafsiri. Neno kwa neno, na kile kicheko pia.

Msusi akashuka kitandani, akavaa viatu, akamjibu daktari jambo moja ambalo mama alilitafsiri vilevile, nalijua lakini siliandiki. Akaondoka. Alikwenda kujifungulia kwingine. Mtoto yupo, mnene, analia kama king'ora, na mama yake anaamka kila mara kwa sababu analala amemwekea mkono kifuani. Nasema mapema ili mtu asihangaike na mtoto. Mtoto hana tatizo lolote. Wenye matatizo ni watu wazima.

Daktari akapeleka malalamiko kwenye Chama. Alisema mkalimani amevuruga uhusiano wake na mgonjwa. Alisema yale yalikuwa mazungumzo ya wataalamu wawili, hayamhusu mgonjwa. Hakusema hata mara moja kwamba hakuyasema.

Sasa, Chama kina kanuni zake, na ya kwanza wanaiapia siku wanapopewa beji: kila kinachosemwa chumbani kinatafsiriwa. Huongezi, hupunguzi, hupambi. Na unasema "mimi". Kiziwi akisema ana njaa, mkalimani hasemi "huyu anasema ana njaa", anasema "nina njaa", kwa sababu pale yeye hayupo, yupo mwenye maneno.

Mama alikuwa anaishi hivyo hata nyumbani. Mama yake mzazi, bibi yangu, alikuwa kiziwi, na tuliishi naye mpaka alipofariki. Nilipokuwa darasa la pili nilinuna sijui kwa nini, nikasema nyuma ya mgongo wa bibi kwamba chai yake ina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Mama akamgusa bibi begani, akamtafsiria. Yote, mpaka ule mdomo nilioubinua. Bibi akanitazama, akachukua kikombe changu, akamwaga chai nje, akarudi kukaa. Tangu siku hiyo mpaka alipoamua mwenyewe kunisamehe nilijichemshia chai yangu.

"Mama, kwa nini umemwambia?"

"Umesema chumbani. Naye yupo chumbani."

Bibi ndiye aliyenipa jina langu la alama: vidole viwili vinavyobana midomo. Alipatia kweli. Shuleni mwalimu akiniuliza swali jibu ninalo, linapanda mpaka kooni, linakaa hapo kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Wenzangu wananiita Bubu. Lakini kwa bibi nilikuwa naongea mpaka mikono inauma. Lugha ya alama niliijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Wiki moja kabla ya kikao cha kusikiliza malalamiko hayo, Mwenyekiti wa Chama alikuja nyumbani. Ni mzee mnene kidogo, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na ndiye aliyemfundisha mama kazi. Mama anamwita mwalimu, yeye anamwita mama binti yangu. Alikaa kwenye kochi letu, akanywa chai.

"Binti yangu, jambo lenyewe dogo. Sema ulisikia vibaya."

"Nilisikia vizuri, mwalimu."

"Basi sema siku hiyo ulikuwa umechoka. Nani hachoki?"

"Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimetoka kunywa chai."

"Wewe na kichwa chako!" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Sikiliza. Hospitali ile ndiyo inayowapa kazi wanachama wetu karibu wote. Daktari amepanda juu, hashuki. Anataka kukuona umeomba radhi. Ukiomba, unapewa onyo la mdomo, tunakunja jamvi. Usipoomba, beji siwezi kuitetea."

"Mwalimu, nani alinifundisha kwamba hata chafya inatafsiriwa?"

Mwenyekiti akatazama ndani ya kikombe, kama vile jibu limezama humo.

"Busara pia nilikufundisha."

"Labda siku ya busara sikuja darasani."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni na birika mkononi. Jibu langu lilikuwa tayari, refu, lenye kichwa na miguu. Nilitaka kumwambia mzee huyu, unakuja nyumbani kwetu, unakaa kwenye kochi letu, unamwomba mama yangu aseme uongo ili wewe upate usingizi? Nikamsogelea. Nikamwongezea chai.

"Asante, mjukuu wangu," akasema. "Mtoto ana adabu huyu."

Niliimalizia hasira ile kwenye kuosha sahani usiku mzima, nikavunja moja.

Kikao kilikuwa Jumamosi asubuhi. Ofisi ya Chama iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kutoa fotokopi, na mashine ya chini ikianza kuchapa sakafu ya juu inatetemeka mpaka unaisikia kwenye meno. Mama alivaa gauni lake jeusi la kazini. Wakalimani wanavaa rangi moja ili mikono ionekane.

"Unakaa nyuma," aliniambia kwenye ngazi. "Unanishikia mkoba. Na mdomo wako uwe kama kawaida yake."

"Nitasema nini mimi?"

"Ndiyo nakwambia."

Mezani walikaa wanakamati watatu: Mwenyekiti katikati, Katibu mwenye miwani kulia kwake, na mzee mwingine ambaye alikuwa anasinzia kabla hata hatujaanza. Daktari alikaa upande wao, kwenye kiti chenye mto. Mama alipewa kiti cha plastiki, peke yake, mbele. Msusi aliitwa kama shahidi, na kumtafsiria walimleta mkalimani mmoja tunayemfahamu wote. Wenzake wanamwita Pamba. Mikono yake ni laini, kweli, lakini jina hakulipata kwa ajili ya mikono. Chochote kikipita kwa Pamba kinatoka laini. Matusi yanatoka salamu.

Na Pamba, mkalimani mzima, mwenye beji, alikaa dirisha likiwa mgongoni kwake. Mtoto mdogo wa kiziwi anajua kwamba mwanga ukitoka nyuma mikono inageuka kivuli. Msusi akakunja uso, akainuka, akakivuta kiti chake mpaka upande wa pili. Kilipiga kelele sakafuni, kriiii, yule mzee akazinduka, Daktari akaziba sikio. Msusi akakaa, akatulia, akakunja mikono. Nilimpenda sana wakati ule.

Daktari akaongea kwanza. Sauti yake ni nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mimi sina ugomvi na huyu mama. Ila kazi yangu ni ngumu, mnajua. Tunapunguza uchovu kwa utani. Mkalimani mwenye akili anajua cha kutafsiri na cha kuacha kipite. Sasa wagonjwa hawa wananikimbia, wananiita majina kwa vidole vyao huko. Nani atanirudishia heshima yangu?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa kama anayesikiliza msiba.

"Mshtakiwa," akamwambia mama. Mshtakiwa! Leo siyo binti yangu. "Unakubali kwamba ulitafsiri maneno ambayo hayakuelekezwa kwa mgonjwa?"

"Nakubali. Yalisemwa chumbani."

"Hukuona yataleta madhara?"

"Niliona."

"Ukaendelea?"

"Mwenyekiti, ningeyaacha, basi mimi na daktari tungekuwa tunajua jambo kuhusu tumbo la huyu dada ambalo yeye mwenyewe halijui. Hapo ningekuwa mkalimani wa nani?"

Katibu akaandika. Mwenyekiti akasema kwa haraka, haya, shahidi.

Msusi akainua mikono yake. Ukitaka kuona mikono inayojua kazi tazama ya msusi. Haikosei mahali.

"Nimeitwa shahidi," alisema kwa alama, polepole, ili kila mtu aione. "Shahidi wa nani? Mimi ndiye niliyetukanwa. Kesi hii ilipaswa kuwa yangu na yule pale, na anayeshtakiwa awe yule pale."

Pamba akakohoa. "Anashukuru kwa kualikwa," akasema. "Anaona jambo hili lina pande mbili."

Nilidhani nimeona vibaya. Nikamtazama mama. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama ubao.

Msusi akaendelea. "Alicheka. Nilimwona akicheka. Mkalimani wangu angeniambia hakuna kitu, ningekaa pale kitandani na mimi nimchekee, nimwoneshe meno, mtu anayepanga kunikata bila kuniuliza. Miaka yote nimechekea watu hivyo. Sitaki tena."

"Anasema daktari alikuwa mchangamfu," akasema Pamba, "ila yeye alipata wasiwasi kidogo."

Mchangamfu!

Na hapa ndipo hasira ilipobadilika ikawa kitu kingine ambacho sikijui jina. Kwa sababu ghafla niliwatazama mezani. Mwenyekiti amefundisha lugha ya alama tangu kabla mimi sijazaliwa. Katibu anafasiri bungeni. Yule mzee wa kusinzia, kaka yake ni kiziwi. Chumba kizima kile kinajua lugha ya alama. Wote walikuwa wameona mikono ya Msusi, na wote walikuwa wamesikia mdomo wa Pamba. Asiyejua ni mmoja tu, Daktari, na walikuwa wanamlinda yeye. Watu wanne wazima, wenye beji, wanamlinda mwanamume mmoja asiambiwe alichofanya.

"Mwenyekiti, naomba—" mama akaanza.

"Mshtakiwa hasemi mpaka aruhusiwe."

Mama akatii. Ni kanuni. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani.

Sijui nilisimama vipi. Naapa sijui. Nilijua nimesimama nilipoona mkoba wa mama uko sakafuni, vitu vimemwagika, na kichana kinateleza kuelekea kwenye kiti cha Daktari. Vichwa vyote vikageuka. Msusi naye akageuka kutazama wanachotazama wenzake, akaniona.

"Unatafsiri wewe?" akaniuliza kwa mikono.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akakivuta kiti tena, kriiii, akakigeuzia kwangu, akampa Pamba mgongo. Akaanza upya, tangu mwanzo.

"Nimeitwa shahidi," nikasema. Sauti ilitoka imekwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. "Shahidi wa nani? Mimi ndiye niliyetukanwa."

"Wewe mtoto, kaa chini!" Mwenyekiti akasema.

Lakini mikono ya Msusi ilikuwa haijasimama, na mikono isiposimama mdomo hausimami. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikasema habari ya kicheko. Nikasema habari ya meno. Nikasema, "Mtu anayepanga kunikata bila kuniuliza," na Daktari akaacha kuchezea simu. Ajabu ni kwamba sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa nasema "mimi" na haikuwa mimi, na nyuma ya mimi ile ya mwenzangu nilikuwa na nguvu kama nimesimama nyuma ya ukuta.

"Mlango wa chumba changu cha kusukia hauna kengele," nikasema, kwa sababu Msusi alisema hivyo. "Mteja akiingia nahisi kwenye sakafu. Mtoto wangu akilia nahisi kwenye kiganja. Nani amekuambia kusikia ni masikio tu? Ungeniuliza ningekueleza. Hukuuliza kwa sababu ulidhani hapakuwa na mtu."

Msusi akashusha mikono, akaiweka magotini. Amemaliza.

Mimi sikumaliza.

"Na nyinyi hapo mezani," mdomo wangu ukaendelea, "mnamwadhibu huyu mama kwa sababu mnamwogopa daktari, na wewe Mwenyekiti unamwogopa kuliko wote, na yote mliyomfundisha hamyaamini hata kidogo!"

Mashine ya fotokopi chini ilikuwa imesimama, au labda nilikuwa nimeacha kuisikia.

Halafu mama akainua mkono, kama mwanafunzi. Hakungoja kuruhusiwa.

"Hiyo ya mwisho hakusema yeye," akasema. "Amesema mtoto wangu. Ifutwe."

Afadhali angenipiga kibao. Nilimtazama kisogo na nikamchukia, kwa kitambo kidogo nilimchukia kuliko nilivyomchukia Daktari. Nimefungua mdomo mara moja maishani mwangu, kwa ajili yake, na yeye ndiye anayeufunga!

Daktari akapiga paja lake kwa furaha. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Ni ukoo mzima! Mama anazidisha, mtoto anazidisha. Sasa siku ile kliniki nani anajua alizidisha mangapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikakaa.

Kamati wakatoka kwenda kwenye korido kushauriana. Hawakukaa hata muda wa kumaliza soda. Waliporudi, Katibu alikuwa anafuta miwani isiyo na uchafu.

"Kamati imeona," Mwenyekiti akasema, macho yakiwa ukutani, "kwamba mshtakiwa alitafsiri kwa usahihi."

Nikavuta pumzi.

"Lakini amekosa busara. Usahihi bila busara unaharibu jina la Chama. Na tukio la leo," akanitupia jicho, "limetuongezea wasiwasi. Beji inazuiliwa miezi mitatu."

Yaani ametafsiri sawasawa, na kwa hiyo anaadhibiwa. Irudie taratibu uone kama itakuingia. Mimi hainiingii mpaka leo.

Mama alisimama. Hakulia, hakugomba. Mkono ulikwenda kwenye beji, ukasimama hapo.

"Kabla sijaivua," akasema, "kuna maneno yamesemwa humu ndani na huyu dada hajayapata."

Akamgeukia Msusi, akamtafsiria. Hukumu yote, na "usahihi bila busara". Maneno ya Daktari kuhusu ukoo mzima, na lile paja alilolipiga. Halafu akatafsiri sentensi yangu. Sentensi ile aliyoiomba ifutwe. Aliitafsiri yote, hakuiremba, hakuipunguza ukali, mpaka ile sauti yangu iliyopasuka mwishoni aliionesha kwa mabega. Na mwisho akaonesha alama yangu, vidole viwili vinavyobana midomo: amesema huyu, siyo wewe.

Ndipo akavua beji, akaiweka mezani mbele ya mwalimu wake.

Msusi akawatazama mmoja mmoja. Mikono yake ikaenda haraka.

"Daktari alinitukana, lakini nilijua nimetukanwa. Nyinyi mlitaka nitukanwe halafu niseme asante."

"Anasemaje?" Daktari akauliza.

Wote wanne walikuwa wameona. Pamba akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Anasema... ameelewa."

Nikamtazama mama. Hakufungua mdomo. Hana beji, na asiye na beji hatafsiri, hata kama moyo unamwungua. Nikauma ulimi wangu mpaka nikasikia chumvi.

Tukashuka ngazi, mama mbele, Msusi katikati, mimi nyuma na mkoba uliokosa kichana.

"Mama, umenikasirikia?"

"Sana."

"Lakini nilisema kweli!"

"Hilo silikatai." Akasimama kwenye ngazi, akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umemtia mwenzako maneno mdomoni. Daktari alimfanya kama hayupo. Pamba akamfanya kama hayupo. Na wewe ukamfanya kama hayupo, ukajificha nyuma yake ukarusha mawe. Mwombe radhi."

Ninaweza kubishana na watu wengi, kichwani. Hilo sikuweza kubishana nalo hata kichwani.

Nilimwomba Msusi radhi palepale kwenye ngazi, kwa mikono. Watu wa fotokopi walikuwa wanatutazama. Msusi alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanishika kidevu akanigeuza uso huku na huku, kama anavyofanya kichwa cha mteja.

"Sentensi yenyewe nzuri," akasema. "Ningependa ningeisema mimi. Lakini sikuisema. Ni yako. Kwa nini ulinipa mimi niibebe?"

"Niliogopa."

"Unaogopa nini? Wao hawana beji yako ya kukunyang'anya."

Nikamtazama mama. Mama akatazama pembeni, kwenye makaratasi ya fotokopi, kama mtu ambaye hajaona kitu chochote na hakatazi kitu chochote.

Nikampa mkoba wake. Nikapanda ngazi.

Mlango walikuwa hawajaufunga. Walikuwa wamefungua soda, na Daktari anasimulia kitu, na Mwenyekiti anacheka kile kicheko cha mtu anayecheka kwa ajili ya mwenye gari. Beji ya mama ilikuwa bado mezani, picha yake imenuna katikati ya vizibo.

"Mtoto, kikao kimefungwa," Mwenyekiti akasema.

"Najua." Safari hii hapakuwa na ukuta wa kusimama nyuma yake. "Ile sentensi mliyoifuta ni yangu. Sasa nasema mimi, kwa jina langu, siyo la mtu. Mnamwadhibu mama yangu kwa sababu mnamwogopa daktari. Na wewe Mwenyekiti unamwogopa kuliko wote. Ulikuja nyumbani ukamwomba mama aseme uongo, ukanywa chai yetu, ukasema nina adabu. Sina. Na wewe daktari, yule dada hakusema ameelewa. Sitakuambia alichosema, kwa sababu hiyo ni kazi yao hawa, wanalipwa kuifanya. Waulize. Waulize mmoja mmoja, uone nani atakutazama usoni."

Daktari akamgeukia Katibu, Katibu akavua miwani akaanza kuifuta.

Nikahisi mtu nyuma yangu. Msusi alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni, anauliza kwa nyusi: kumesemwa nini?

Na Pamba, ambaye hakuna aliyemwita, aliweka soda yake chini. Akasogea polepole akatoka pale dirishani, akasimama mahali ambapo mwanga ulimpiga usoni. Akaanza kumtafsiria. Mikono yake laini ilikuwa inagongana. Nilimkagua neno kwa neno, kama mama angekagua: mnamwogopa, kuliko wote, aseme uongo, sina. Alipofika kwenye "wanalipwa kuifanya" akasita, akaitafsiri.

Hakupunguza kitu.

Nikainama, nikaokota kichana cha mama chini ya kiti cha Daktari, nikashuka.